Msimamo gani huo wa Bush?

Kaka unasema Bush mdogo, rais wa Marekani enzi zile, kukataa kutoa majeshi Iraq ni msimamo, msimamo gani sasa? Novemba 2006 wapiga kura wamekinyang'anya chama chake Bunge, mabaraza yote mawili, Januari 2007 jamaa anatangaza kuongeza askari zaidi ya 20,000, Mei akaletewa muswada wa hela za vita wenye ratiba ya kuondoka akaupiga veto, na silaha za maangamizi alizozifuata hata hazikuonekana (hilo mnaliruka kila siku). Ukiwa mbali kukaza shingo rahisi. Sie wa Kigoma 2015 tumeona meli ya Liemba inashusha Warundi waliokimbia kwao, toka kijiji cha Kagunga mpakani, mama mtoto mgongoni godoro kichwani anapelekwa uwanja wa Lake Tanganyika, na hapo vita kamili hata haijawaka. Kamuulize mama yule habari za msimamo.