Mdogo wangu wa Newala, usipande basi bado

Wiki hii binti mmoja wa Newala ameniuliza: "Dada, nataka kuigiza filamu. Niende Dar lini?" Swali lake limenikaa moyoni, maana basi hilo nami nililipanda nikiwa na miaka 21. Nilirudi Mtwara baada ya miezi minane, na sikuwahi kupewa hata sini moja, yaani kipande cha filamu, yenye maneno. Nilikuwa nauza sura tu, napita nyuma ya wahusika wakuu nimeshika sinia.

Mdogo wangu, anzia uwanjani, hapo hapo nyumbani.

Niliporudi nilijiunga na kikundi cha sanaa kilichozunguka vijijini na igizo la ndoa za utotoni. Tuliigiza chini ya mikorosho, bila kipaza sauti, upepo unavuma na watoto wanalia. Mtazamaji wa kijijini hakuonei haya. Ukimchosha anainuka anakwenda zake shambani, unabaki unautazama mgongo wake. Hapo nilijifunza kutoa sauti tumboni badala ya kooni, na kungoja kicheko kitulie kabla ya kusema neno linalofuata. Katikati ya igizo tulisimama tukawauliza watu mama wa binti, niliyemwigiza mimi, afanyeje. Siku moja bibi mmoja alinifokea kana kwamba kweli nimemwoza mwanangu. Maneno yangu yote yakanipotea. Nikamjibu kwa Kimakonde, naye akajibu, na uwanja mzima ukasogea karibu.

Tena tazama mapiko, ngoma yetu ya vinyago ya Kimakonde, kwa makini. Uso wa lipiko, yaani kinyago chenyewe, ni wa mti, haukunji wala haucheki, lakini mchezaji anakufanya umwone mzee, mlevi au mtu mwenye majivuno. Kazi yote inafanywa na mabega, magoti na miguu. Wengi wetu tunadhani kuigiza ni kukunja uso na kulia.

Kamera nayo ina yake. Filamu yangu ya kwanza yenye maneno, mwongozaji alikata kila teki, yaani kila mara tulipopiga: "Punguza, dada." Nilikuwa nazungumza na mtu wa mwisho uwanjani, na kamera iko hatua mbili mbele yangu. Kilichoniokoa ni mkeka. Usiku nilijilaza karibu na ndugu yangu mdogo nikamwambia maneno yale yale kwa sauti ya kutomwamsha mama. Kesho yake nikayasema hivyo hivyo. Na uwe na daftari: sini hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Unaweza kulia leo, na siku ya nne ndipo upige ulivyofungua mlango kabla ya kilio hicho, kwa hiyo andika kanga ilikuwa bega lipi.

Ukitaka shule, TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ipo Bagamoyo; ilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Mimi sikupata nafasi hiyo, na hadi leo inaniuma.

Kuhusu fedha nitasema kwa ukali kidogo. Kuna kazi niliifanya kwa maneno ya mdomo, siku 19, nikalipwa nauli. Sikuwa na karatasi ya kushika mkononi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji pia, si mtunzi peke yake, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndiko pa kuuliza. Omba mkataba kabla ya kuvaa nguo za mhusika. Usome siku za kazi, malipo na tarehe ya kulipwa, na filamu itaonyeshwa wapi. Anayekasirika kwa sababu umeomba karatasi, mwache aende.

Na wazazi. Mama yangu aliamini uigizaji ni uhuni, na nilibishana naye miaka miwili bila faida. Mwishowe nilimpeleka mazoezini, akakaa kwenye benchi na ukili wake tangu saa nane hadi magharibi. Alituona tukirudia sini moja mara kumi na nne. Njiani hakusema kitu. Tulipofika nyumbani aliniuliza, "Yule anayecheza mumeo, mbona anakukatiza maneno?" Kesho yake nilimwambia mwenzangu aningoje nimalize.