Jibu kwa yaya wa Bagira: hiyo tele ya Dallas haitaongea na antena ya huku

Yaya, habari ya Bagira. Nimeona swali lako, kwamba mdogo wako wa Dallas anataka kukutumia tele ya inchi 55 yenye kibandiko cha NEXTGEN TV, muuzaji kamwambia hiyo njo televisheni ya kesho, inashika picha za hewani bila intaneti wala abonema, na wewe unauliza ukiifunga huku Bukavu itaonyesha nini. Kwa antena haitaonyesha kitu. Hata chaneli moja. Skrini yake itakuwa nzuri sana, hiyo sibishi, ila ile tyuna ya ndani, sehemu yenye kupokea mawimbi, haiwezi kusoma mawimbi ya huku kwetu. Mimi kazi yangu ni kufungua matele na dekoderi za watu, hizi za kutoka Marekani nazijua sana, mtu anakuja nayo bado iko na karatasi ya kwenye karito, anasema fundi antena yangu imekufa, kumbe antena ni nzima.

Iko hivi. NextGen TV kwa jina la mafundi ni ATSC 3.0, mfumo wa Marekani wa kurusha tele hewani. Korea Kusini njo walianza kuirusha 2017, na mwisho wa mwaka huo huo FCC ya Marekani, wenye kusimamia matangazo kule, ikaruhusu vituo vyao kuitumia kwa hiari. Ni kitu kikali, inabeba 4K na sauti safi, lakini hata kule kwao ina maneno: kuko vituo vinafunga matangazo yao kwa DRM, kufuli ya dijitali, mpaka boksi zingine zinashindwa kufungua, na LG walisema 2023 kwamba matele yao ya 2024 kule Marekani hayatakuwa tena na hiyo tyuna, sababu ya kesi ya hataza (haki ya uvumbuzi). Sisi tuko ukoo mwingine, wa DVB, mfumo wa dijitali ulioanzia Ulaya. Nchi za Afrika na Ulaya na za Kiarabu zilikaa Geneva 2006 zikagawana masafa ya dijitali, zikaweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa analogi (kuko nchi zilipewa mpaka 2020 kwa upande wa VHF, masafa ya chini), na Kongo ni kati ya nchi nyingi zilizopitwa na hiyo tarehe ya kwanza. Toleo la kisasa la huo ukoo ni DVB-T2, lilitoka 2009. Halafu chaneli moja ya UHF, masafa ya juu ya tele, huku kwetu ina upana wa megahezi 8, ya Marekani ni 6. Kwa hiyo mtu akikwambia ataingia kwenye menyu abadilishe nchi, au ataiflashi (kubadilisha programu ya ndani), huyo anataka tu kula franka zako.

Kama bado hajalipa, mwambie hizo pesa za tele na za usafiri akutumie hivi hivi, ununue huku huku. Dukani usianze na inchi. Geuza tele, soma etiketi ya nyuma au pembeni ya karito, tafuta neno DVB-T2, na kama imeandikwa DVB-T2/C/S2 ni vizuri zaidi maana utaweza kufunga hata parabole bila dekoderi kwa zile chaneli za bure. Chunga hapa: ikiandikwa DVB-T peke yake, bila ile 2, iache, T ya zamani haisomi T2 hata kidogo. Na uulize kama inafungua HEVC, namna mpya ya kubana picha, wengine wanaandika H.265, kwa sababu matangazo mapya yanazidi kwenda huko, ukinunua yenye kuishia kwenye MPEG-4 ya kawaida kuna siku utapata sauti bila picha. Chaneli za kulipia bado zitataka kadi na dekoderi ya mwenyewe, hilo tele yoyote haikusaidii.

Kama ameshanunua, si hasara yote. Soma kwenye etiketi pale penye umeme. Ikiandikwa 100-240V 50/60Hz unachomeka tu, ila kama ni 120V 60Hz peke yake usithubutu kuiweka kwenye priz ya 220, inalia paa mara moja na harufu inabaki sebuleni, hiyo inataka transfo ya kushusha. Kisha nunua boksi dogo la DVB-T2 lenye HDMI, unaifanya tele iwe skrini tu. Shida moja yenye inachanganya watu: kuko matele ya Marekani yanakataa picha ya hezi 50 kwenye HDMI, unaona giza au maandishi kwamba haisapoti. Ingia kwenye menyu ya boksi (kwa muda itumie tele ya jirani ili uone menyu), weka 1080p 60 au 720p 60, mara nyingi inakubali.

Sasa antena, na hapa njo nataka unisikilize maana Bukavu si Lubumbashi, huku ni milima na mabonde. UHF inapenda kuona mnara. Mtu wa Muhumba au Nguba, ziwa liko wazi mbele yake, anaweza hata kuokota mawimbi ya ng'ambo Rwanda, wao walizima analogi 2014 na wako kwenye T2 hiyo hiyo, wakati mwenye kukaa nyuma ya mgongo wa mlima, hata akiweka antena ya bei kali, anapigana na udongo. Panda juu ya bati kwanza utazame nyumba za jirani zenye picha nzuri, antena zao zinaangalia wapi, na vile vijiti vimelala au vimesimama. Ufanye hivyo hivyo. Upande wenye vijiti vifupi njo unatazama mnara, watu wengi wanageuza kinyume. Kwenye menyu usiangalie nguvu ya signali peke yake, angalia kwaliti, maana dijitali haileti chenga kama zamani, inakatika vipande vipande halafu giza.

Umesema pia jirani anakuuzia busta, kile kikuza signali. Ngoja kwanza. Busta ikikaa karibu na tele inakuza signali pamoja na uchafu wote wenye umeshaingia njiani. Mahali pake ni juu, karibu na antena. Na mara nyingi ugonjwa uko kwenye kabo: mita 20 za kabo nzuri ya antena, ile ya RG6, tayari zinakula desibeli 3 au 4, nusu ya nguvu hiyo imeenda, sasa hizi kabo nyembamba za bei rahisi usiulize. Nikifungua fishi (vichwa vya kabo) za watu nakuta nyuzi za nje zimegusa waya wa katikati, au maji ya mvua yameingia na shaba imekuwa kijani. Funga fishi ya juu na mpira, na kabo kabla haijaingia dirishani iache ining'inie kidogo kwenda chini ili maji yadondokee nje. Kama uko karibu na mnara wa simu wa 4G na picha inakatika bila sababu, tafuta filta ya LTE, yenye kuzuia hayo mawimbi ya 4G, ni kadude kadogo tu kanachomekwa kwenye kabo.

Jambo la radi msilichukulie kama hadithi. Vipimo vya setelaiti za NASA viliweka Kabare, hapo hapo juu yetu, ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Fimbo ya antena uipeleke ardhini kwa waya mnene wa shaba mpaka kwenye chuma kilichozikwa kwenye udongo wenye unyevu, na stabilizateri uweke, maana umeme wa jioni unashuka na kurudi kwa nguvu, lakini stabilizateri haizuii radi yenye inapita kwenye kabo ya antena. Ukisikia inaanza kunguruma kule Kahuzi, chomoa vyote viwili, priz na kabo ya antena, na hiyo ya antena usiiache imelala juu ya tele.