Jibu: Tangi la pikipiki ya injeksheni kwenye Honda CG125
Mkuu, umeuliza kama tangi ulilopata la pikipiki ya injeksheni (inayopuliziwa mafuta kwa pampu) litafaa kwenye CG125 yako ya kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa). Linaweza, ila kulikalisha kwenye fremu ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko chini ya tangi.

Tangi hilo lina tundu kubwa la pampu na kwa kawaida halina koki, yaani bomba la kufungulia na kufungia mafuta. Kabureta yako haitaki pampu. Mafuta hushuka yenyewe. Ukiiacha ile pampu, presha yake ya karibu bari 3 itaishinda sindano ya floti, ile inayofunga mafuta kabureta ikijaa, na petroli itamwagika juu ya injini ya moto. Itoe. Tengenezesha bamba la kuziba tundu, lenye koki, pamoja na gasketi inayovumilia petroli. Koki ichomelewe kwenye bamba likiwa pembeni, kamwe si kwenye tangi, hata kama ni tupu: mvuke uliobaki hulipuka. Tafadhali mwambie fundi hilo mapema.

Mpira wa mafuta ushuke moja kwa moja hadi kabureta. Zungusha usukani pande zote uone haugusi tangi, na hakikisha mfuniko unapitisha hewa, la sivyo injini itazima njiani. Geji ya mafuta itapotea, kwani boya lake mara nyingi limeungana na pampu.