Amebatizwa, hasira zimebaki: je, ni kiumbe kipya?

Bwana Yesu asifiwe. Mleta mada ameuliza mambo mawili: kama mtu aliyebatizwa ukubwani ambaye bado anashindwa na hasira zake amepokea kweli utambulisho mpya katika Kristo, na kama inampasa aache jina lake la Kichaga ili upya huo ukamilike. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) hapa Moshi, na kwa muda mrefu nimesaidia kuwafundisha watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona huko.

Pasaka moja tulimbatiza muuza mitumba wa Kiboriloni. Wiki haijaisha, aligombana na mteja kwa sababu ya suruali isiyo na kifungo, akamporomoshea matusi ya nguoni watu wakisikia. Jioni alikuja nyumbani na cheti chake cha ubatizo ndani ya bahasha, akakiweka mezani na kusema, "Mzee, kirudisheni kanisani. Aliyeandikwa humu siye mimi."

Nilimfungulia Luka 15. Yule mwana mpotevu anarudi akiwa ameshapanga maneno yake: hastahili tena kuitwa mwana, basi afanywe kama mmoja wa watumishi. Lakini anapofika mbele ya baba yake, ombi la kuwa mtumishi halitamkwi kabisa, kwa maana baba ameshaagiza vazi, pete na viatu. Kijana hajafanya kazi hata siku moja, wala hajarudisha senti ya mali aliyoitapanya, na tayari amevishwa kama mwana. Ndugu yetu wa Kiboriloni alikuwa anaomba kazi ya utumishi katika nyumba ambayo yeye ni mtoto.

Paulo naye anafuata mpangilio huo huo. Wakorintho walikuwa wamegawanyika makundi, wanashtakiana mahakamani, na wengine wanalewa kwenye meza ya Bwana, lakini barua yake ya kwanza inaanza kwa kuwaita watakatifu. Hata katikati ya kuwakemea kuhusu mashtaka, katika sura ya 6, anawakumbusha kwamba wameoshwa, wametakaswa na kuhesabiwa haki. Hawaambii kwamba wakiacha ugomvi ndipo watakapokuwa watu wapya. Anawaambia waache kwa sababu tayari ni watu wapya. Kwa maoni yangu, mahubiri mengi tunayoyasikia siku hizi yanaugeuza utaratibu huu, na ndiyo maana waongofu wetu wanachoka mapema.

Hilo halimpi mtu ruhusa ya kutukana. Katika Katekisimo Ndogo ya 1529, kitabu chake kifupi cha mafundisho ya imani, Martin Luther, ambaye kanisa letu limechukua jina lake, anafundisha kwamba maana ya ubatizo kwa maji ni Adamu wa kale aliye ndani yetu, yaani ile hali yetu ya dhambi, kuzamishwa kila siku kwa toba. Kila siku, maana yake yule wa kale bado anapiga mikono majini. Kesho yake yule ndugu alimtafuta mteja, akamwomba radhi palepale sokoni alipomtukania, na cheti akakirudisha kwake.

Kuhusu jina nitakuwa mfupi. Wengi husema Sauli aligeuzwa kuwa Paulo njiani Dameski, lakini Matendo 9 inasimulia kuokoka na kubatizwa kwake akiitwa Sauli, na anaendelea kuitwa hivyo hadi 13:9, akiwa Kipro katika safari ya umisionari, ambapo Luka anataja tu kwamba Sauli ndiye Paulo pia. Yakobo alipewa jina la Israeli, na bado katika Mwanzo 46 Mungu mwenyewe anamwita, "Yakobo, Yakobo." Uchagani kwetu wapo wazee wengi waliobatizwa kwa majina ya lugha yao, na hakuna anayeutilia shaka ubatizo wao. Ukipenda kuongeza jina la ubatizo, zungumza na mchungaji wako. Jina la jadi si kizuizi, na kulibadili kwenye kitambulisho cha taifa wakati vyeti vya shule vinasoma lingine ni kujitafutia usumbufu ambao Injili haijakudai.