Mkongo, mninga na mwarobaini: kila mbegu na matunzo yake

Wengi huikimbilia mikaratusi wakisema mbegu za miti ya asili hazioti. Zinaota vizuri sana. Shida ni kuzitendea zote sawa.

Mkongo, ambao pwani ya Kenya huitwa mbambakofi, una mbegu nyeusi ngumu yenye kofia nyekundu upande mmoja. Bandua kofia. Chukua kikata kucha au tupa ya kunolea, utoboe ganda upande wa pili, mbali na ilipokuwa kofia, maana karibu na kofia ndipo chipukizi lilipolala na ukilijeruhi mbegu imekwisha. Toa kipande kidogo tu, mpaka rangi hafifu ya ndani ionekane. Loweka kwenye maji ya kawaida usiku kucha. Iliyovimba asubuhi ipande siku hiyohiyo, kina cha sentimita 2 hivi. Isiyovimba itoboe tena, kwani maji hayajaingia. Usiziache majini siku tatu, zitaoza. Tumia kiriba (mfuko wa kuoteshea mche) kirefu, sentimita 25 au zaidi. Mzizi mkuu hushuka haraka kuliko shina linavyopanda, na ukigonga kitako cha kiriba kifupi hujipinda, kisha kiangazi kinaumaliza mche shambani.

Mninga ndio unaovunja watu moyo. Tunda lake bapa lina miiba katikati, kwa hiyo vaa glavu unapolikata kutoa mbegu. Ukipata mche, ujue kwamba kiangazi kikifika shina litakauka mpaka chini, na litafanya hivyo miaka kadhaa mfululizo huku mzizi ukinenepa. Tafadhali usiung'oe! Fukua udongo kidogo, ukwaruze shingo ya mzizi kwa ukucha: ikiwa mbichi, mti u hai. Weka kigingi ili anayepalilia asiufyeke, na usafishe nyasi kuuzunguka, maana moto ndio adui wake mkubwa ukiwa mdogo.

Mwarobaini, mgeni kutoka Asia Kusini, hauhitaji kutobolewa. Wenyewe unadai haraka. Chuma matunda yakigeuka njano, pikicha nyama siku hiyohiyo, osha, anika mbegu kivulini siku mbili tatu, upande ndani ya wiki mbili. Usizifungie kwenye mfuko wa plastiki, zitaota ukungu. Uweke karibu na nyumba, kwa sababu ndege na popo husambaza mbegu zake na pwani umeshajiotea vichakani. Pembezoni mwa msitu, panda mkongo.