Hukumu ya kuwacheka washiriki wa mashindano ya kuimba

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Nyumbani huwa tunaangalia Bongo Star Search na vipindi vya nje kama American Idol. Jaji akimkaripia mshiriki aliyeimba vibaya, sote tunacheka. Mume wangu anasema jaji anasema kweli, na dini yetu inaamrisha kusema kweli. Sasa kijana wetu ameanza kumkosoa mdogo wake wa kike kwa maneno hayohayo kila anaposoma Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Qur'ani, na binti amekataa kusoma mbele yetu. Je, tuna dhambi?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Suala la ala za muziki, ambazo wanazuoni walio wengi wamezikataza na mwanazuoni Ibn Hazm akaziruhusu, lina mlango wake, nami nitabaki kwenye mliloliuliza.

Kauli ya mume wako ina haki ndani yake. Aliyepewa kazi ya kupima sauti hana ruhusa ya kusifu kibaya. Sahaba Abdullah bin Zayd alipooteshwa maneno ya adhana, Mtume (s.a.w.) alimwamrisha amfundishe Bilal, kwa kuwa sauti ya Bilal ilikuwa bora kuliko yake. Mwenye ndoto aliambiwa waziwazi kuwa mwenzake anamzidi, na heshima yake ikabaki palepale.

Lakini tazameni jinsi vipindi hivyo vinavyotengenezwa. American Idol ilianza Marekani mwaka 2002, ikifuata Pop Idol ya Uingereza ya mwaka 2001, na katika zote mbili alikaa Simon Cowell, jaji aliyejulikana kwa ukali wa ulimi. Mshiriki wa American Idol haingii moja kwa moja mbele ya majaji maarufu, bali huchujwa kwanza na watayarishaji. Basi yule asiyejua kabisa kuimba, ambaye mnamwona akibubujikwa na machozi, alikwishasikilizwa na watu wanaojua kazi yao, nao wakampitisha na kumwacha aamini kwamba amefaulu, hali wanajua kinachomngoja. Huo si ukweli hata kama kila neno la jaji ni sahihi, ni hadaa, na Mtume (s.a.w.) amesema kwamba mwenye kutughushi si katika sisi. Mwenye kucheka ndiye aliyeandaliwa karamu hiyo, na Mwenyezi Mungu amekataza katika Suratul Hujurat watu wasiwadharau wenzao, huenda hao wakawa bora kuliko wao.

Wapo wanaosema kwamba mwimbaji amejitakia mwenyewe. Hoja hii naikataa kwa nguvu zote. Aliletwa mlevi mbele ya Mtume (s.a.w.), akapigwa kwa kosa lake, na mmoja akamlaani; Mtume akakataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Ikiwa heshima ya mlevi haikuhalalika, ya kijana aliyekosea sauti itahalalika vipi?

Kuhusu binti, hilo ni zito kuliko televisheni. Mwambieni kwamba anayesoma Qur'ani kwa kubabaika na kwa taabu ana thawabu mbili, kama ilivyopokewa kwa Bi Aisha (r.a.). Kijana amwombe radhi mdogo wake, kisha asomewe kisa cha sahaba Muawiya bin al-Hakam, aliyezungumza ndani ya swala kwa kutojua, na Mtume alipomaliza kuswali akamfundisha. Muawiya anaapa kwamba hajapata kumwona mwalimu bora kuliko yeye: hakumkaripia, hakumpiga, wala hakumtukana. Akimsahihisha dada yake kwa adabu hiyo, aachwe aendelee, kwani makosa ya tajwidi, yaani kanuni za kusoma Qur'ani, lazima yasahihishwe.

Ama nyinyi wazazi, ndiyo, kucheka huko ni dhambi, na toba yake ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Wale mliowacheka hamuwezi kuwafikia kuwaomba msamaha. Waombeeni heri, na watoto wawasikie mkiwaombea. Wallahu aalam.