Usifute hiyo akaunti kabla hujanakili folda ya barua

Mkuu, simama hapo hapo. Usifute akaunti. Huyo fundi akija kesho asishike Thunderbird yako, hiyo programu yako ya barua pepe, mpaka uwe umesoma haya na kufanya jambo moja nitakalokuelekeza.

Umeandika kwamba tangu juzi programu ikikagua barua inaleta ujumbe wa kushindwa kuingia kwenye seva (kompyuta ya mbali inayopokea barua zenu), paswedi una uhakika ni yenyewe, na fundi amekuambia dawa ni kufuta akaunti na kuiweka upya. Umeuliza pia namna ya kufanya barua za kila mteja ziingie zenyewe kwenye folda yake. Hilo la folda tutalizungumza ukishaokoa barua; hapa nashughulika na la kufuta, maana ndilo litakalokutoa machozi.

Sisi tulipewa ushauri huo huo, kwa maneno hayo hayo. Ofisi yetu ni ndogo, iko Kurasini, tunatoa mizigo ya watu bandarini. Kwa kazi hii barua pepe ndiyo kabati la mafaili: nakala za B/L (hati za meli za kupokelea mzigo) zinakuja humo, ankara, orodha za mizigo, taarifa za meli kufika, majibizano na mawakala wa meli kuhusu siku ambazo kontena linaruhusiwa kukaa kabla tozo haijaanza kuhesabiwa. Fundi akafungua mipangilio ya akaunti, akachagua kuiondoa. Hapo Thunderbird inaleta kidirisha chenye visanduku viwili. Cha kwanza kinaondoa taarifa za akaunti tu. Cha pili kimeandikwa "Remove message data", na maelezo yake yanasema wazi kwamba kinafuta barua, folda na vichujio (kanuni za kupanga barua) vyote vya akaunti hiyo kwenye diski ya kompyuta, na kwamba usikichague kama unakusudia kuvitumia tena baadaye. Akatia tiki vyote viwili. Nilimuuliza, barua zetu je? Akanijibu bila hata kugeuka: "Ziko kwenye seva bosi, zitashuka zenyewe."

Hazikuwa kwenye seva. Akaunti yetu ilikuwa ya POP, na kazi ya POP ni kushusha barua kutoka kwenye seva na kuziweka kwenye kompyuta yako. Ukiiruhusu inaacha nakala kule kwa siku ulizopanga. Yetu ilikuwa imepangiwa siku 14, zikipita barua inaondolewa kwenye seva. Kwa hiyo kazi yetu ya miaka yote ilikuwa imelala kwenye diski ile moja, na yule bwana aliifuta huku akituambia tusiwe na wasiwasi.

Na kuna kitu ambacho hata wanaoijua POP hawakifikirii mpaka siku ya siku, nacho ni barua ulizotuma. POP haina njia ya kupandisha folda ya "Sent" kwenye seva. Kila ulichomwandikia mteja kupitia hiyo programu kipo kwenye kompyuta hiyo peke yake. Barua ulizopokea unaweza kumpigia aliyekuandikia ukamwomba akutumie tena, ingawa ni aibu. Lakini bei uliyoitaja wewe, tarehe uliyoahidi, onyo ulilompa mteja kwamba asipoleta hati mapema atachelewa, hivyo ndivyo vinavyokulinda ubishi ukizuka, na sasa nakala pekee iko mikononi mwa yule unayebishana naye. Fikiria hapo uko upande gani.

Kwetu ubishi ulizuka. Kulikuwa na mzigo wa vigae, wakala wa meli alikuwa ametukubalia kwa barua pepe siku za ziada, nasi tukamhakikishia mteja. Hesabu ya tozo ya kuchelewesha kontena ilipokuja, ilikuwa imehesabiwa kama vile hakuna siku za ziada zilizowahi kutolewa. Tulipolalamika tukaulizwa, barua iko wapi? Aliyetuandikia alikuwa ameshahama kitengo. Mteja alikuwa na neno letu, sisi hatukuwa na neno la mtu yeyote. Tozo ile ilitoka mfukoni mwa ofisi, na yule mteja hakurudi tena.

Msinisome mkadhani kwamba zingeweza kurudishwa. Tulijaribu. Kwenye diski za zamani zile za kuzunguka, faili likifutwa data yake hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na mtu mwenye ujuzi anaweza kuivuta. Kompyuta ile ilikuwa na SSD, diski za kisasa zisizozunguka. Kwenye SSD, Windows huiarifu diski ni sehemu zipi hazitumiki tena, nayo diski huzisafisha yenyewe, kwa hiyo muda wa kuokoa kitu ni mfupi mno kama upo. Na hata huo mfupi fundi aliuharibu: badala ya kuzima mashine pale pale, akaanza kushusha programu za kurudisha mafaili na kuzisakinisha kwenye diski hiyo hiyo tunayotaka kuiokoa. Hilo ndilo linalonipandisha hasira mpaka leo. Mtu anayejiita fundi wa kompyuta halafu hajui jambo hilo la msingi hana ruhusa ya kushika data za watu.

Hapa mjini tumewazoea mafundi wenye jibu moja kwa kila ugonjwa. Windows ikisumbua, piga upya. Printa ikigoma, futa uweke upya. Barua hazishuki, futa uweke upya. Seva imekataa paswedi, wewe unafuta barua za miaka? Huko ni kuvunja nyumba kwa sababu ufunguo umegoma kitasani. Fundi anayejua kazi anaanza kwa kuuliza nakala ya barua iko wapi. Anayekaa kwenye kiti chako bila kuuliza hilo, mpe nauli yake aende.

Na baada ya hasara yote hiyo, kufuta hakukutibu chochote. Aliiweka akaunti upya, seva ikakataa vilevile, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye kompyuta ile hata kidogo. Tulikuwa tumebadilisha paswedi ya barua. Simu ya kijana wetu anayeshinda bandarini ilikuwa bado na paswedi ya zamani. Kila akiingia ofisini simu inashika Wi-Fi, inajaribu kuchukua barua, inakataliwa, inajaribu tena, siku nzima, yeye hana habari. Wauzaji wengi wa hostingi, yaani wanaokukodisha nafasi kwenye seva zao, wanatumia programu ya kuisimamia iitwayo cPanel, na humo kuna mlinzi anayeitwa cPHulk anayehesabu watu wanaokosea paswedi. Ukizidi kiwango anaifungia anwani ya intaneti unakotokea. Sasa kompyuta na simu zote za ofisi moja hutoka nje kwa anwani moja ya ruta, kwa hiyo kosa la simu moja linawafungia wote. Na akishafunga, hata paswedi sahihi inakataliwa kwa ujumbe ule ule wa kushindwa kuingia. Ndiyo maana unaapa paswedi ni yenyewe na bado unagongwa.

Nadhani wewe ndiko uliko. Pima hivi. Chukua simu, zima Wi-Fi, washa data ya bando lako, fungua brauza uingie kwenye ukurasa wa barua wa domeni yako (jina linalokuja baada ya @ kwenye anwani yako), ule wa kusomea barua bila programu. Ukiingia kwa paswedi hiyo hiyo, paswedi ni nzima. Toka, washa Wi-Fi ya ofisi, jaribu tena ukurasa ule ule. Ikikataa hapo, anwani ya ofisi imefungiwa, na dawa yake ni kumpigia aliyewauzia hostingi aifungue. Kabla ya kumpigia pita kwenye simu na kompyuta zote za ofisi uhakikishe hakuna yenye paswedi ya zamani, la sivyo atafungua sasa na jioni mtakuwa mmefungiwa tena. Na acha kubonyeza "Retry". Kila ukibonyeza unaongeza hesabu ya makosa. Hata usipobonyeza, Thunderbird ikiachwa kama ilivyokuja inakagua barua yenyewe kila dakika 10, kwa hiyo ifunge kabisa.

Ikikataa hata kwa data ya simu, basi mtu amebadilisha paswedi, au akaunti imesimamishwa, au domeni haijalipiwa. Yote matatu yanamalizwa na mwenye hostingi. Hakuna hata moja linalotibiwa kwa kufuta kitu kwenye kompyuta yako.

Sasa jambo lenyewe nililokuambia, lifanye leo kabla ya kulala. Thunderbird ikiwa imefungwa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%\Thunderbird kisha Enter. Folda itakayofunguka, inakili nzima nzima kwenye diski ya nje. Usichambue ukasema hii nachukua, hii naacha. Ndani ya Profiles kuna folda ya profaili yako, na humo Mail ndiyo yenye barua za POP, ImapMail ni za IMAP, njia nyingine ambayo barua hubaki kwenye seva. Utaona faili linaitwa Inbox tu, halina herufi nyuma ya nukta. Hilo ndilo lenye barua zote za folda hiyo kwa pamoja, na Inbox.msf ni orodha yake tu. Kwa kuwa barua zote zinakaa kwenye faili moja, faili hilo linaweza kuwa kubwa kweli. Flashi nyingi zinakuja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Kunakili kutakatika katikati na wewe unaweza usigundue, kwa hiyo tumia diski yenye NTFS au exFAT, na ukimaliza linganisha ukubwa wa folda ya asili na wa nakala. Kama kuna mtu aliwahi kuzihamishia barua kwenye diski D au mahali pengine, angalia kwenye "Server Settings" ya akaunti, chini kabisa kuna "Local Directory" inayoonyesha zinakaa wapi, unakili na huko pia.

Kuna mdau hapo juu amesema huenda ni saa ya kompyuta. Umeme ukikatika na betri ndogo ya ubao mama ikiwa imekufa, kweli saa inarudi nyuma miaka na seva haiaminiki tena, lakini hapo ujumbe huwa unataja cheti cha usalama, na wewe wako unataja kuingia. Mwingine amesema ya kwake ni Gmail. Hiyo ni habari nyingine: tangu 30 Mei 2022 Google ilianza kukataa paswedi ya kawaida kutoka kwenye programu za aina hii kwa akaunti za watu binafsi. Kwenye Thunderbird chagua OAuth2 (njia ya kuingia kupitia ukurasa wa Google wenyewe) sehemu ya uthibitisho, au washa uthibitisho wa hatua mbili utengeneze paswedi maalumu ya programu, ile ya herufi 16. Na hata yeye asifute akaunti.

Ukishanakili, piga picha ya ukurasa wa "Server Settings", ficha jina la domeni, uibandike hapa. Namba ya poti ikiwa 995 au 110 uko kwenye POP kama tulivyokuwa sisi. Ikiwa 993 au 143 ni IMAP, barua zako nyingi ziko kwenye seva kweli, lakini zile ulizowahi kuburuta kwenda "Local Folders" ziko kwako tu, kwa hiyo nakili kwanza hata kama ni IMAP. Niambie pia mmebadilisha paswedi lini mara ya mwisho, na ni simu za nani ofisini zenye hiyo barua.